Kapu kwa wa Chini, Miti kwa wa Juu

Sijui kama ni mimi ninayestahili kuandika habari za kilima kile. Sikuzaliwa pale. Nilizaliwa mjini, mtaa wa Biryogo, katika chumba cha kupanga nyuma ya msikiti, nikasoma madrasa na madarasa manne ya shule, basi. Lakini wenye kustahili kuliko mimi hawaandiki, na mimi nilizoea kuandika kila siku, kwa sababu fundi cherehani asiyeandika hupima mtu yuleyule mara tatu na kumchosha. Daftari langu nililitumia pande zote mbili: mbele viuno na mabega ya watu, nyuma mambo yaliyotokea. Ninayoeleza hapa nimeyatoa upande wa nyuma. Pale daftari linaponyamaza nitasema kwamba limenyamaza.

Niliolewa kilimani mwanzoni mwa mwaka 1990. Mume wangu alikuwa mwashi, mzaliwa wa pale, aliyesilimu ili anioe, na mama yake Mkatoliki alimsamehe baada ya kuniona nikishika jembe. (Sikujua kulima. Nadhani alisamehe kwa kunihurumia.) Juma zima mume wangu alikuwa mjini, Kacyiru, akijenga, Jumamosi anarudi. Kufika kwetu, ukitoka stendi ya Nyabugogo unafuata lami kwa gari, unashuka penye kibanda cha muuza ndizi, halafu ni miguu: unateremka hadi kwenye bonde la mafunjo, unavuka maji juu ya magogo mawili, kisha unapanda. Saa nzima kwa mtu wa kawaida, zaidi kwa mtu wa Biryogo.

Siku ya kuhamia nilikuwa na cherehani ya miguu, ya chuma, nzito. Nilikuwa nimesikia kwamba kilima kina chama cha kubeba, nikamwomba mume wangu awaite. Alikuja mzee mmoja mfuga nyuki, kiongozi wa watu wa juu ya kilima, akaizunguka cherehani yangu, akagusa gurudumu lake.

"Inaumwa wapi?" akauliza.

"Haiumwi, mzee."

"Basi itembee."

Mume wangu aliibeba kichwani akipumzika kila baada ya migomba michache, na watu wakatoka majumbani kutazama. Ndivyo nilivyojua ingobyi ni nini. Ni machela yetu: kapu refu la kusuka, kiasi cha mtu kulala, linalofungwa kwa kamba kwenye miti miwili mirefu, na wanaume wanne wanaiweka mabegani. Mgonjwa hubebwa hadi kwenye lami, na gari lisipopatikana hadi hospitali mjini. Haibebi mzigo, haibebi mlevi, haibebi cherehani. Kila nyumba yenye mwanamume hutoa bega. Nyumba ya mjane hutoa mtu wa kutembea nyuma na mkeka na maji ya kunywa. Na anayekutana nayo njiani, hata kama ni mgeni, hata kama amevaa suti ya harusi, huweka bega lake hatua kadhaa kabla ya kushika njia yake.

Nyumba zilikuwa kama arobaini. Katikati ya kilima kulikuwa na jiwe kubwa bapa, na nyumba yetu ilikuwa kando yake. Waliokaa juu ya jiwe waliitwa wa juu, waliokaa chini yake hadi bondeni waliitwa wa chini. Wa juu walifuga nyuki na kupanda miti. Wa chini walichimba udongo bondeni na kufyatua matofali, na kwa mianzi ya bondeni walisuka. Nilipouliza kilima kilianzaje, wa juu waliniambia kwamba babu yao alifuata kundi la nyuki siku mbili, likatua kwenye pango kileleni, naye akakaa. Wa chini waliniambia kwamba huyo mfuata nyuki alimkuta babu yao tayari bondeni akichimba udongo, na kwamba angekufa kwa kiu kama hakuonyeshwa maji.

Niliwarudia wa juu. "Basi maji alionyeshwa na nani?"

"Alinusa," wakasema.

Nimeandika zote mbili. Mume wangu aliwahi kuniambia, "Chagua moja, la sivyo utaonekana mjinga." Nilijaribu kuchagua. Nilishindwa, na bado nashindwa.

Kitu nilichokiona mwenyewe ni hiki: watu wale walipenda usawa kuliko walivyopenda amani. Njia ya kilima ilifagiliwa na kupaliliwa na wa juu hadi kwenye jiwe, na wa chini kuanzia kwenye jiwe. Majani yaliyoota kulizunguka jiwe lenyewe hayakuguswa na mtu, kwa sababu haikujulikana ni ya nani, mpaka mama mkwe wangu alipoyakata akiwatukana wote. Kwenye mkutano wa chama waliweka mtungi mmoja wa pombe ya mtama na mirija miwili, na mimi nisiyekunywa pombe nilipewa kazi ya kuangalia nani anavuta muda mrefu. Tena hawakuwa watu wa kusema hapana. Ukiwaomba jambo wasilolitaka walisema, "Tutaona," kwa upole kabisa, na huo ndio ulikuwa mwisho wake.

Uandishi wa chama nilipewa kwa sababu ya huzuni. Kabla yangu aliandika mwalimu mmoja. Vita ilipoanza kaskazini, Oktoba ile ya 1990, alikamatwa pamoja na watu wengi wengine wasiokuwa na kosa. Aliporudi baada ya miezi hakutaka tena kushika kalamu. Alinipa daftari la zamu, lenye majina ya waliobeba na maamuzi ya mikutano, mlangoni kwake, hakunikaribisha ndani. Mfyatua matofali, ambaye ndiye aliyeongoza wa chini, akasema mbele ya watu, "Huyu ni Mswahili. Hana babu hapa. Hawezi kumpendelea mtu." Mswahili kwao ni Mwislamu wa mjini. Ilisemwa kama sifa, nami niliichukua kama sifa.

Halafu vyama vya siasa vikaruhusiwa, na mwaka 1992 vilikuwa vimepanda hadi kwetu. Wengi wa juu waliingia chama kimoja, wengi wa chini chama kingine, na wachache walioingia kinyume na majirani zao walianza kuteta na kila mtu. Kila upande uliniletea kitambaa cha kofia. Nilishona za wote, kwa mshono uleule na uzi uleule.

"Unawashonea watu vichwa vya kugombana," mama mkwe aliniambia.

Nikamjibu kwamba vichwa walikuwa navyo tayari, mimi nashona kofia tu. Siku ile nilijiona nimejibu vizuri.

Ugomvi wenyewe ulizuka hivi. Wa chini walimbeba bibi mmoja mwenye homa kumpeleka kwenye lami. Njiani walikutana na mtu wa juu akitoka sokoni, naye akapita bila kuweka bega. Jambo hilo halikuwahi kutokea. Wakaita mkutano kwenye jiwe.

"Alitupita kama anapita mbuzi waliofungwa," alisema mfyatua matofali.

"Alikuwa na ndoo ya asali kichwani," alisema mfuga nyuki.

"Na mabegani alikuwa na nini? Asali pia?"

"Mabegani alikuwa na matusi. Vijana wako walimwimbia wimbo wa chama chenu wakiwa wamembeba mgonjwa. Mgonjwa! Hata bibi mwenyewe aliwaambia wanyamaze."

Wote wawili walisema kweli, niliuliza baadaye. Lakini siku ile walisema kwa pamoja, na walio nyuma yao wakasimama, na mtungi ukamwagika. Hapo mtu mmoja akapaza sauti kwamba kila upande ubebe wagonjwa wake, na wengi wakaitika. Wakanigeukia. Mwandishi, sema wewe usiye na upande.

Nilisema, "Kama ni kugawana, basi gawaneni sawasawa."

Nimejiuliza mara nyingi kama nilisema kwa hasira ili waone aibu. Ningependa iwe hivyo. Lakini daftari la zamu halisemi hivyo. Daftari linasema, kwa mwandiko safi, kwamba kapu lilisukwa na wa chini kwa mianzi ya bondeni, na miti ilikatwa na wa juu kwenye msitu wao, na kwa hiyo haki ni kila mtu kuchukua kilicho chake. *Kapu kwa wa chini, miti kwa wa juu. Wote wameridhika.* Na chini yake: *Kamba: bado.* Maana kamba za mkonge zilikuwa tatu. Tatu hazigawanyiki kwa mbili, na sikutaka kukata kamba nzima. Nikaziweka nyumbani kwangu mpaka wapatane.

Waliondoka wametulia. Mmoja alinishukuru.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini wa juu hawakusuka kapu lao, na wa chini hawakukata miti yao. Ingewachukua siku mbili. Lakini pale kwetu kutengeneza ingobyi mpya wakati hakuna mgonjwa ni kama kumchagua mgonjwa. Nani angeanza kusuka, huku mke wake akimtazama? Ingobyi ile ilitengenezwa zamani na kilima kizima kwa siku moja, ili isijulikane ni nani aliyeanza. Sasa kilima kizima hakikutaka kukaa pamoja. Basi kapu likakaa bondeni likiwekewa maharage, miti ikalala juu chini ya mizinga, na kila upande ukisubiri upande wa pili uumwe kwanza. Mungu akatuhurumia. Miezi kadhaa hakuumwa mtu wa kushindwa kutembea.

Najua anayesoma anajua mwaka 1994 unakuja, kwa hiyo naandika hapa, nisije nikaufanya siri mwishoni. Miongoni mwa mabega nitakayoyaeleza, yapo ya watu waliouawa kwa sababu walizaliwa Watutsi, na yapo ya watu walioshika mapanga, na lipo la mtu mmoja aliyeficha wengine akanusurika nao. Mimi na mtoto wangu tulikuwa Biryogo. Siwezi kusema kwamba siku ninayoieleza ilizuia lolote. Haikuzuia. Lakini ilikuwepo, nayo pia ni habari ya kilima kile, na ninaona si haki iachwe kwa sababu ya yaliyofuata.

Mimba yangu ya kwanza iliharibika mwaka 1991, mtoto alikufa tumboni, nami nilikaribia kumfuata. Daktari aliniambia nikishika mimba tena nisikae mbali na hospitali. Kwa hiyo nilipopata mimba ya pili tulipanga kwamba ikifika mwezi wa nane nirudi kwa mama yangu Biryogo. Lakini mjini kulikuwa na fujo wiki ile, magari yalisimama, mume wangu akakwama Kacyiru. Tukasema keshokutwa. Keshokutwa tukasema Jumatatu.

Jumatatu alfajiri nilikuwa nimekaa kwenye cherehani nikimalizia sare ya shule wakati maji ya uzazi yalipomwagika. Mama mkwe wangu alikuwa amezalisha nusu ya kilima. Alinilaza, akanawa mikono, akanishika tumbo kwa muda mrefu, kisha akafumba macho.

"Amelala mshazari," akasema. "Kichwa kiko ubavuni. Huyu simwezi, mwanangu. Huyu ni wa kisu cha hospitali."

"Kuna muda?"

"Upo. Si mwingi."

Akatoka hadi kwenye jiwe, na nikamsikia akipaza sauti, kwanza juu kisha chini, kwa kiasi kilekile: "Ingobyi, enyi wa juu! Ingobyi, enyi wa chini!"

Nilikuwa nimelala nikitazama mlango ulio wazi, na nilikuwa na hofu ya mtoto, na zaidi ya hiyo nilikuwa na aibu, kwa sababu nililijua jibu: mimi mwenyewe ndiye niliyeandika kwamba wote wameridhika.

Halafu nikasikia miguu. Kutoka chini walikuja wanaume watano, mfyatua matofali mbele na kapu kichwani, bado lina vumbi la maharage. Kutoka juu walikuja sita na miti. Wakafika kwenye jiwe, wakasimama, hawa upande huu, wale upande ule, na jiwe katikati.

"Leteni miti," alisema mfyatua matofali.

"Leteni kapu," alisema mfuga nyuki.

"Siku hizi mgonjwa analala kwenye miti?"

"Na kapu lako limeota miguu?"

Hakuna aliyekuwa mkatili, naomba nieleweke. Walikuwa wamekuja mbio, walihema. Ila kila mmoja aliona kwamba akivuka jiwe atakuwa ameshindwa mbele ya watu wake, na walikuwa wangali wakitafuta njia ya kuvuka bila kuvuka. Mimi nilikuwa nikihesabu pumzi. Maumivu yalipokuja nililia, na hata hapo hawakusogea, walitazama chini.

Mama mkwe wangu akapanda juu ya jiwe. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono yake ilikuwa bado na maji.

"Mwandishi wenu ndiye mgonjwa," aliwaambia. "Akifa, nani ataandika kwamba mlikuja mkasimama? Wewe? Huandiki. Wewe? Huandiki hata jina la mbuzi wako. Mtapotea na aibu yenu bila hata mstari mmoja!"

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Kisha mfyatua matofali akainama na kuliweka kapu juu ya jiwe lenyewe, miguuni mwa mama mkwe. Si upande huu wala ule. Mfuga nyuki akaweka miti juu ya jiwe, kulia na kushoto ya kapu. Hakuna aliyevuka. Wote wakanyoosha mikono.

"Kamba," alisema mfuga nyuki.

"Kamba mnazo nyie."

"Sisi? Tulichukua miti tu."

Wakatazamana, na kwa mara ya kwanza niliona wameogopa. Nikakusanya nguvu zote, nikapiga kelele kutoka kitandani: "Ziko kwangu! Nimezianikia kofia!"

Ilikuwa kweli. Niliona haya kuzikalisha bure, nikazifunga ukutani hadi ukutani na kuning'iniza kazi zangu zilizokwisha. Mfuga nyuki aliingia akiwa amegeuza uso ukutani, kwa sababu mwanamume haingii chumba cha uzazi, akapapasa mpaka akazipata, akazivuta zote tatu kwa mkupuo. Kofia za vyama vyote viwili zikaanguka sakafuni pamoja na sare za shule. Alizikanyaga akitoka. Sikuona alikanyaga za nani; kwa haki nadhani alikanyaga za wote.

Kufunga ingobyi ni kazi ya watu wawili. Wa chini wanajua fundo la kapu, wa juu wanajua fundo la mti, na mafundo hayo yanakutana. Niliwaona wazee wawili wamepiga magoti, vichwa vyao karibu vigusane, wakinong'onezana "vuta," "legeza kidogo," "hapo hapo." Mama mkwe akanitoa nje, wakanilaza ndani ya kapu.

Ndani ya kapu huoni watu. Unaona anga, na majani ya migomba yanayopita, na ukingo wa mianzi. Watu ni sauti tu na mabega. Bega likibadilishwa unahisi mwili mzima umehamia kwa mtu mwingine. Mfyatua matofali alikuwa mbele, nilimjua kwa sababu aliongea nami Kiswahili chake alichojifunza kwenye kazi za matofali Zaire.

"Mama, iko pamoja na sisi?"

"Niko, mzee."

"Kama iko maumivu, lia tu. Sisi haiko watu ya haya."

"Unamwambia nini kwa lugha hiyo?" mfuga nyuki aliuliza kutoka nyuma kwa Kinyarwanda.

"Namwambia nyuma yangu yuko mtu wa juu, lakini asiogope, ataning'ata mimi kwanza."

"Mwambie watu wa juu hawali udongo."

Kapu lilitikisika kwa kicheko, na mama mkwe aliyetembea ubavuni akawaambia waache kunitikisa. Bondeni, kwenye magogo, wa juu walisita, hawakuzoea maji. "Tuachieni," walisema wa chini, na wanne wao wakanivusha, miguu ikizama topeni hadi magotini pale gogo lilipozama. Baada ya bonde kuna mpando mkali, na hapo wa chini walianza kukohoa. "Tuachieni," walisema wa juu. Hakuna aliyepanga. Sikusikia mtu akiamuru.

Nusu ya mpando mtoto aliacha kucheza.

Nilisubiri. Nilijiambia ni mtikisiko unanidanganya. Nikasubiri tena, kisha nikashika mkono wa mama mkwe uliokuwa ukingoni, nikamwambia. Alinigusa tumbo tukitembea. Hakunijibu mimi. Aliwaambia wabebaji, kwa sauti ndogo, "Baba zangu, upesi."

Utani ukaisha papo hapo. Nilisikia pumzi zao zikibadilika, nikasikia miguu mingi, na anga ikaanza kukimbia. Njiani palikuwa na watu. Nilisikia majembe yakidondoka, nikahisi mabega mapya, mageni, yakiingia na kutoka. Sijui walikuwa akina nani.

Kwenye lami walisimamisha pikapu ya ndizi. Dereva alikubali mgonjwa na mama mkwe na watu wawili wa kushika kapu, si zaidi. Wazee wawili wakapanda pamoja bila kuulizana. Kulikuwa na kizuizi cha askari kabla ya Nyabugogo. Askari mmoja alitaka kuona vitambulisho, akachungulia ndani ya kapu, akaniona, akakiinua kizuizi mwenyewe. Tukapita mtaa wa Muhima huku dereva akipiga honi bila kuacha, na mimi nikiwa nimekodoa macho kwenye nyaya za umeme, nikisoma dua niliyoijua ile moja, nikiirudia kila nilipofika mwisho.

Hospitali sikumbuki. Daftari limenyamaza.

Kitu cha kwanza nilichokijua baada ya hapo kilikuwa dirisha lenye jua la mchana, na tumbo linalouma kwa namna nyingine, namna ya jeraha. Kitandani kwangu hapakuwa na mtoto. Sikuthubutu kumwita mtu. Niliwaza: nikiuliza nitajibiwa, na nikijibiwa itakuwa imekwisha. Nikalala nikitazama dari. Basi nje ya dirisha, chini, nikasikia watu wawili wakibishana.

"Anavyolia hivyo, huyo ni wa juu. Wa juu hawajui kunyamaza."

"Wa juu! Mama yake ni wa Biryogo, baba yake ni wa kwenye jiwe."

"Nasema sauti. Sikiliza. Hiyo ni sauti ya kuita mbuzi kutoka kileleni."

"Nyamaza wewe, tumsikie vizuri."

Wakanyamaza. Na katika kimya chao nikamsikia, chumba cha pili, akilia kwa hasira, bila kupumzika, binti yangu. Nilicheka hadi mshono ukaniuma, nikalia, nikacheka tena. Sijawahi kupewa habari njema kwa njia nyingine iliyo bora kuliko ile: kwa ubishi.

Mume wangu alifika jioni akikimbia kutoka Kacyiru, saruji bado miguuni. Aliwakuta wazee wawili kwenye benchi. Muuguzi alikuwa amewauliza ni nani babu wa mtoto, nao, mama mkwe alivyoniambia, walisimama wote.

Nilirudi kilimani baada ya wiki mbili. Ingobyi ilikuwa imetangulia, imerudishwa ikiwa imefungwa hivyo hivyo, na ilikuwa chini ya paa letu, kando ya jiwe. Hakuna aliyekuja kuchukua nusu yake. Ningependa kuandika kwamba walikaa wakapatana, wakanywa mtungi mmoja. Hapana. Kofia waliziomba nami nikawapa, nikiwa nimezifua. Waliendelea kuimbiana nyimbo za vyama vyao njiani. Nilipowauliza wazee kama nifute ule mgawanyo, wote wawili, kila mmoja kwake, walisema, "Tutaona." Lakini hakuna aliyezigusa kamba, na mgonjwa aliyefuata alipoitiwa walikuja kwangu, wakaitoa, wakaenda.

Lilibaki daftari la zamu. Nilipaswa kuandika nani alinibeba. Wa juu waliniambia kazi yote ilikuwa mpando, bonde ni tambarare tu. Wa chini waliniambia kazi yote ilikuwa bonde, mpando hata mtoto anaupanda. Kila upande ulitaka niandike hatua zake. Nilikaa na kalamu siku nzima, mtoto akilala mapajani, nikijaribu kuwa wa haki kama nilivyozoea, na mwishowe niliandika kitu pekee nilichokijua kwa hakika: kwamba nikiwa ndani sikuona uso wa mtu, nilihisi mabega tu, na yalikuwa mengi kuliko waliotoka kilimani.

Kisha nikarudi nyuma kurasa kadhaa, nikaupata ule mstari wa kamba. Neno *bado* nikalikata. Nikaandika: *Kamba: zimefungwa.*